Shahada Yangu Ina Jina la Marehemu

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakuandikia nikiwa sijui hata nitie sahihi gani mwishoni, maana kwenye kipande changu cha uraia mimi ni Okiror wa Amagoro, lakini shahada yangu ya uhandisi wa umeme imeandikwa Paulinus Ojakol, na huyo Ojakol alikuwa mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka kule Tororo, akafariki kwa surua akiwa na miaka tisa, na mwaka huohuo mimi nikapelekwa kwa shangazi nikasome, mwalimu mkuu akataka kadi ya ubatizo ya parokia ya pale, sina, basi wakubwa wakanipa ya marehemu, nikaitika Ojakol darasani mpaka chuo kikuu, shangazi akilima pamba kunisomesha, na kwake mimi ni Ojakol mpaka leo.

Sasa ni miaka miwili niko kwa mkandarasi wa umeme hapa Malaba, aliyenichukua kwa kunijaribu kazi tu bila kuuliza vyeti, na bodi ya wahandisi Nairobi inataka shahada na kipande vilingane kabla ya Agosti kwisha, nisiposajiliwa nafasi yangu anapewa mwingine, na wakili anasema shangazi aape mbele ya hakimu kwamba Ojakol alikufa na aliyesoma ni mimi. Nikaenda kumwambia. Akaacha kupepeta wimbi kwenye ungo, akaniangalia, akasema, "Ojakol wangu hajakufa. Si ni wewe nilisomesha? Sasa unataka nisimame kwa korti niseme amekufa?"

Kuna fundi wa mihuri Busia anasema atalifuta jina hilo kwenye shahada na kuandika langu kwa siku moja. Nikubali? Au nibaki Ojakol, nitafute kipande kipya? Mama, mimi ni nani hasa?

Niliyechanganyikiwa, Amagoro

*Mshauri anajibu:*

Pole, kijana wangu, kisha nisikilize. Kadi ile ulipewa ukiwa mtoto, sikulaumu. Lakini ukimpelekea fundi wa mihuri shahada yako, hapo umeghushi ukiwa na akili timamu, na siku bodi itakapoandikia chuo kuuliza majina utapoteza miaka yote uliyosoma. Mtu anayepima waya kabla ya kuugusa anawazaje upuuzi kama huo? Kipande cha Ojakol nacho sahau.

Wiki hii iandikie bodi, ueleze yote kabla hawajagundua, uombe muda. Mwambie na bosi wako, ana kwa ana. Vuka mpaka uende parokiani, umwombe padri nakala ya kitabu cha mazishi, kisha mtafute mwalimu anayekujua kwa sura. Muulize wakili kama hayo yatatosha pamoja na kiapo chako mwenyewe, bila shangazi kuapa.

Na shangazi yako? Hapo umenikasirisha. Ulimpelekea maneno ya wakili kama mtu anayepeleka barua ya serikali. Yeye alisikia kwamba mtoto wake amekufa na wewe pia si wake, yote kwa siku moja. Rudi kwake Jumapili bila karatasi yoyote mkononi. Usimwite shangazi, mwite mama, umwambie Okiror naye ni mtoto wake na haendi popote. Halafu nyamaza, umwache amlilie Ojakol. Habari ya korti usiitaje siku hiyo, hata kama Agosti itapita.