Mlangoni pa Jiko la Nyama

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka, mama. Hapa Bariadi pamba tumemaliza kuvuna, na babu yako sasa anatembea bila fimbo.

Umeniuliza kama nilikasirika siku ya mahafali yako, maana ninyi mlikula nyama mezani, mimi nikasimama mlangoni pa jiko. Sikukasirika.

Nilipochumbiwa, baba mkwe alituleta mimi na babu yako kwenye banda lilelile la nyama choma mlilokulia siku hiyo. Kwetu binti aliyechumbiwa hali mbele ya mkwe, basi nikasema nimeshiba, na tangu asubuhi sikuwa nimeonja kitu. Aliyekuwa anachoma ni mama yake huyu mwenye banda wa sasa. Akaniita, "Binti, njoo unishikie sinia." Jikoni akanipa mbavu za moto, akasimama mlangoni, kanga ameitandaza, mpaka nikamaliza.

Siku yako, mchumba wa kaka yako alikuwa ameketi mbele ya baba yako, anasema ameshiba. Nikamwita anishikie sinia.

Kama hukumwona akila, basi nilisimama vizuri.

Bibi yako anayekupenda