Nimekuwa Wewe Muhula Mzima

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimepungua, na lile jua linalowachoma juu ya matangi mnayounganisha huko limeanza kuwaonea huruma. Sisi hatujambo. Cherehani ya Mama imepata mkanda mpya na sasa inalia kutwa nzima. Dada anakusalimu. Mwanawe ameota meno na anatung'ata sote bila ubaguzi.

Baba mdogo alifika Jumapili. Alinikalisha sebuleni, akaniambia umesikia kwamba nimejiunga na kikundi cha maigizo cha shule, kwamba umekasirika sana, na kwamba nisipoacha kabla hujarudi likizo, utanihamishia shule ya bweni anayofundisha yeye. Akaniagiza nikuandikie barua ya kuomba radhi. Karatasi alininunulia mwenyewe. Namshukuru kwa karatasi, Baba, lakini radhi siombi, kwa kuwa kosa sijaliona. Tafadhali usiichane kwanza. Soma mpaka mwisho, kisha uniadhibu utakavyo.

Uliambiwa kwamba maigizo yameniharibia hesabu. Aliyekuambia ameigeuza habari miguu juu kichwa chini. Hesabu zilianguka kabla sijakanyaga jukwaa, wakati nilipokuwa najua jibu na mkono hauinuki kwa kuogopa kuchekwa. Mwalimu wa hesabu alidhani sijui kitu, na mimi nikaanza kumsadiki. Siku hizi nauliza mpaka anachoka. Juzi alisema mbele ya darasa zima kwamba afadhali zamani nilipokuwa bubu, alikuwa anamaliza somo kwa wakati. Alisema huku akicheka. Na ile michoro ya vipimo iliyokuwa ikinitoa jasho, niliielewa siku tulipochora sakafu ya jukwaa kwa chaki uwanjani, kwa sababu tulipokosea, meza ilikataa katakata kupita kwenye mlango tulioutengeneza wenyewe.

Baba mdogo anasema maigizo ni uhuni. Nilitamani kumuuliza ni wahuni gani hao wanaofika mapema, wanaokariri kurasa nzima, na wanaofagia ukumbi kabla ya kwenda nyumbani. Sikumuuliza. Adabu mlizonifunza bado ninazo, hata kama leo hazionekani sana.

Mwalimu wetu wa maigizo tunamwita Bibi Rudia, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Ana kanuni yake moja: hakuna anayepewa nafasi anayoitaka. Unapewa mtu anayekuudhi, umwigize mpaka umjue. Mchezo wetu ni wa msichana anayetaka kusomea utabibu wa mifugo, na baba yake hataki hata kusikia. Nilijua fika kwamba msichana ni mimi, nikawa nimeshaanza kuyakariri maneno yake chumbani huku nalia. Bibi Rudia akanipa baba. Nilinuna mpaka midomo ikauma.

Siku ya kwanza nilipiga meza, nikapayuka, nikatoa macho. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikajiona bingwa. Bibi Rudia akasema nimeigiza hasira zangu mwenyewe, na kwamba huyo baba hajaingia hata mlangoni. Kazi ya baba haikutajwa katika mchezo, hivyo akaniambia nimchagulie, halafu nikakae na mtu wa kazi hiyo nione mikono yake inafanya nini, na anafanya nini mikono ikipumzika. Nikachagua kuchomelea vyuma, kazi yako. Nilidhani ndiyo ninayoijua.

Mama alinipeleka kwa fundi wa mageti nyuma ya kituo cha basi. Tulikaa mbali na moto, kama alivyotuamuru. Jioni ilipofika alivua miwani yake nyeusi, akakaa juu ya debe, akaupa mlango mgongo na kufumba macho. Binti yake mdogo alikuja kumwita, hakuitika. Akamwita tena, kimya. Moyoni nikasema, huyo hapo, baba mkali, nimempata. Baadaye ndipo alipotuambia kwamba macho yake saa ile huwa kama yametiwa mchanga, na sauti ya mtu, hata ya mwanawe anayempenda, humgonga kichwani.

Baba, miaka yote uliyofanya kazi hapa karibu, ulikuwa unarudi, unakaa umeipa taa mgongo, husemi. Mimi nilijua umetukasirikia. Dada naye alijua hivyo hivyo. Tulikuwa tunanyata ndani ya nyumba yetu wenyewe kama wezi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Siku ile nililia njia nzima, Mama akadhani nimerukiwa na cheche. Darasani sijawahi kufundishwa jambo kubwa kama lile, wala sitamkubali mtu anayeniambia nilipoteza muda.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, ambalo hata baba mdogo halijamfikia, ingawa yeye habari humfikia kabla hazijatokea. Ukirudi utalitafuta koti lako la kazi la nyuma ya mlango. Halipo. Ninalo mimi. Mama alilipunguza mikono. Alisita kidogo, kisha akashika mkasi, kwa hiyo ukitaka kugomba utatukuta wawili. Kila zoezi nalivaa. Nakohoa kikohozi chako, nakunja shingo kama unavyoikunja unapotaka kukataa jambo. Majirani waliochungulia dirishani wamekutambua. Baba wa mchezo ule ni wewe.

Tena kuna kitu hakijakamilika. Msichana akishaomba kwa mara ya mwisho, jibu la baba halikuandikwa. Bibi Rudia ameniachia mimi, anasema nikishakaa vya kutosha ndani ya mtu yule nitajua atajibu nini. Ninajaribu kukataa. Navuta pumzi, nakunja shingo, na lile neno hapana halitoki. Sijalisahau. Nimekuwa wewe muhula mzima, Baba, na humo ndani nimemtafuta kila pembe mtu wa kumvunja mwanawe moyo. Sijamwona.

Onyesho ni Jumamosi ya kwanza ya likizo yako, mchana, ukumbini. Nitapanda jukwaani hata kama Jumatatu yake nitafungashiwa sanduku la kwenda bweni. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Nimekuwekea kiti cha mbele. Ikiwa yumo kweli huyo baba wa kukataa, usimtume baba mdogo amsemee. Njoo mwenyewe. Nikifika kwenye jibu nitanyamaza, nitakutazama, na hilo hapana ulitamke wewe, mbele ya watu wote, mimi nikiwa nimevaa koti lako.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae kofia juani. Wasalimie mafundi wenzako wote. Pumzisha macho, mzee wangu, hatutakusemesha mpaka yatulie. Na tafadhali, usinijibu kwa barua.

Ni mimi binti yako mkaidi, na ukaidi wenyewe unajua nimeutoa wapi.