Garimoshi la Mzee Declan

Jumamosi

Nimeoga na bado ninanuka makaa ya mawe. Mke wangu amenifukuza kitandani.

Lakini garimoshi la mvuke limewaka! Mzee Declan, Mwairishi ninayelifufua naye kwenye kiwanja ilichokodi klabu yetu kule Queensburgh, amelia. Hata alipomzika mkewe hakutoa chozi.

“Kwetu Ayalandi, dizeli ilipoingia, karibu magarimoshi yote ya mvuke yaliuzwa kama vyuma chakavu,” akasema. “Baba, aliyekuwa dereva, aliliona lake likikatwa vipande. Hili halikatwi.”

Kama boila ingevuja, wenye kiwanja wangelikata Jumatatu. Aliyeichomelea ni mimi, kwa hiyo nilisali kwa Kifaransa, kama nilivyofunzwa utotoni.

Haikuvuja. Tukasogea, tukaendelea kusogea, tukaangusha choo cha klabu. Namshukuru Mungu hakikuwa na mtu.

“Eish, papa, breki!” nikapiga kelele.

“Breki,” akajibu akipangusa machozi, “bado hatujafunga.”