Sifa za Divai ya Mlali

Jumatatu, 5 Septemba 1910
Bwana Miwani, Mzungu mwenye shamba, kanipa kazi mpya: niandike historia ya divai ya Mlali, nimsomee mgeni wa serikali Jumamosi. Historia! Mizabibu yenyewe ina miaka minne, na zabibu za miaka mitatu zimeliwa na nyani. Nimeandika: "Tangu kale, milima ya Uluguru..." Mimi Mwislamu, divai sijaionja. Nasifu tu, ndiyo kazi ya karani. Mgeni akiipenda, shamba litapanuliwa. Kuelekea wapi — sikuuliza.

Jumatano, 7 Septemba
Pipa limefunguliwa. Lo! Harufu imetutoa machozi. Noordin wa dukani kanusa, kasema hii ni siki safi, mkewe ataitilia kwenye achari. Bwana kakaa juu ya ndoo. Akishindwa atarudi kwao, nami nitarudia jembe. Miaka sita ya shule ya serikali, nirudie jembe! Jioni nimepanda kwa mama, nikamweleza yote.

Alhamisi, 8 Septemba
Mama kashuka asubuhi na kibuyu cha asali na mtungi wa maji ya miwa. Huyu ndiye Bi Chausiku, mpika pombe anayesifiwa mlima mzima. Kaonja kwa ncha ya kidole, kakunja uso. Kasema pombe kama hii mgeni hapewi, ni aibu ya mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba ni Mzungu. Kamimina vyote pipani, kakoroga, kafunika kwa jani la mgomba. Bwana alikuwa kitandani na huzuni zake. Sikumwambia.

Jumamosi, 10 Septemba
Bwana kaonja asubuhi. Karuka! Eti divai ya milimani hukomaa ghafla, ni siri ya udongo. Nikaitikia: ndiyo, Bwana.
Mgeni kanywa. Roho yangu juu juu! Kaomba ya pili. Kaomba ya tatu. Historia yangu kaipigia makofi. Alhamdulillahi, kazi ninayo!
Kisha kauliza ardhi nzuri zaidi iko wapi. Bwana kanyoosha kidole juu — kwenye migomba ya mama. Ardhi ya ukoo wetu, alikozikwa bibi. Wamekunjua ramani mezani.
Mama yuko mlangoni na kibuyu kitupu, anatabasamu. Kaniuliza mgeni kasemaje. Nimemwambia kaipenda.
Kafurahi, maskini! Kasema niwaambie, wakitaka nyingine atawatengenezea.
Bwana ananiita. Niende na wino, nikaandike mipaka.