Mlango Uliokosa Maboksi Mawili

Moshono, Arusha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la huku linanikohoza. Mguu wako unaendeleaje? Na kahawa zimeanza kuiva huko Mbinga?

Baba, hili utalipenda, maana ulikuwa karani wa ghala la ushirika. Hapa kwenye shamba la maua wanunuzi wa Ulaya wametuletea mashine ya kuhesabu maboksi. Kila boksi linabandikwa karatasi yenye waya mwembamba ndani, wala haina betri. Likipitishwa kwenye mlango maalumu, mlango unatuma mawimbi ya redio, nayo karatasi inajibu kwa kutaja namba yake. Nilishangaa sana!

Juma lililopita mlango ukasoma maboksi mawili pungufu. Dada Elifuraha wa Kikwe, ninayepaki naye waridi, akaitwa mwizi.

"Nimeyapakia yote," alisema.

"Mashine haina shemeji," msimamizi akamjibu, akamwambia aende nyumbani.

Roho iliniuma. Nikaomba tushushe mzigo, tuhesabu kwa mkono. Maboksi yote yalikuwemo! Msimamizi akasema ni bahati mbaya tu. Sikuridhika. Wakati wa chai nikachukua moja lililokataa kusomwa, nikatoa maua, nikalipitisha tupu. Likasomwa. Nikarudisha maua yakiwa yamelowa. Kimya. Nikahamishia karatasi upande ambao majani hayagusi boksi. Likasomwa tena. Kumbe maji yanameza yale mawimbi, Baba!

Meneja alikuja kuangalia, akanifanya nirudie jaribio hilo mlangoni mara nne. Sasa tunabandika upande mkavu, na kila mzigo tunauhesabu pia kwa mkono, maana siku nyingine mlango bado unaruka boksi moja. Nadhani ni yale matoroli ya chuma tunayobebea maboksi. Meneja ameniruhusu kulichunguza jambo hilo, na kusema kweli nafika kazini mapema kwa ajili hiyo.

Elifuraha amerudi. Msimamizi hajamwomba radhi. Akipita karibu naye anatazama chini. Jana tulikuwa tunakata mashina, nikamuuliza kama moyo umetulia.

"Mashine nimeisamehe," alisema. "Yenyewe haikujua. Yeye ananifahamu miaka sita."

Nifikishie salamu kwa mama, kwa kaka Kolumba fundi cherehani, na kwa shangazi Skola wa kwaya. Pumzisha huo mguu, tafadhali.

Ni mimi binti yako,
Osmunda