Bushi Mpya za Pikapu Yako

Mpendwa Baba Nyangeta,

Nimekubali wabadilishe bushi za mbele za pikapu yako. Usininunie huko uliko.

Unakumbuka ile miaka ya shida, hata sabuni ilikuwa ya foleni? Vile vimpira vya bushi kwenye mikono ya magurudumu vilipokufa, ulizunguka Bunda na Musoma ukarudi mikono mitupu. Ukachonga vingine kwa tairi kuukuu, kwa kisu changu cha samaki, ukavipaka maji ya mlenda ili viingie. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," ukajisifu, kisu changu kimeisha makali. Kisha ukashusha jeki, ukaniita.

"Mama Nyangeta, njoo ukae. Bushi inakazwaga gari likiwa na uzito wake."

Nikakaa mle garini nachambua dagaa, wewe uko chini unakaza nati na kunitania kwamba nimenenepa kwa faida ya gari.

Ila tairi ni tairi. Pikapu ikawa inagonga kila shimo, ngo, ngo. Ukitoka Nyamuswa nilikusikia tangu kona ya kanisani, nikabandika maji. Ukifika, ugali uko mezani. Ulidhani nina uganga.

Tangu tukuzike kwenu Butiama, anaiendesha mdogo wako. Ikigonga pale kanisani, mimi huyo jikoni. Nasonga ugali wa watu wawili, halafu anashuka yeye. "Shikamoo shemeji," ananiachia mzigo, anakwenda kwake. Nimechoka, Baba Nyangeta. Ugali wako naula asubuhi, umepoa, peke yangu.

Siku hizi biashara imefunguliwa, bushi Musoma ni za kuchagua. Jana fundi alizigongea, akashusha jeki.

"Mama, wewe kaa huku. Kwa dereva naweka gunia la mchanga."

Nikakaa. Sikuweza kuligeukia lile gunia.

Jioni shemeji akarudi. Sikusikia chochote mpaka alipobisha hodi, na sufuria bado imefudikizwa. Ndivyo nilivyotaka mwenyewe, na bado nililia.

Vimpira vyako nilivichukua kwa fundi. Viko kabatini pamoja na kile kisu, ambacho mpaka leo hakikati hata nyanya.

Pumzika, mume wangu. Usiku huu nimesonga ugali wa mtu mmoja.

Mkeo,
Mama Nyangeta