Neno Nililomwibia Athumani

Ruangwa, Jumapili, mwisho wa Agosti.

Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi ndani ya daftari hili. Kanisani sikwenda. Nilimwambia mke wangu, mama Stefano, kwamba kichwa kinaniuma, naye akaniangalia tu, akawachukua watoto wakaenda. Kichwa hakikuwa kinauma. Nina aibu, na tangu juzi Ijumaa hadi leo asubuhi nilikaa nayo bila kumwambia mtu.

Niiandike basi.

Athumani, mtu wa Malolo, alikuja kusoma shuleni ninakofundisha akiwa tayari na ndevu. Kabla ya hapo alikuwa Nachingwea, aking'oa visiki katika mashamba ya karanga, na kazi ile ilipopungua akaamua kusoma. Ana akili, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Lakini ana kigugumizi. Siku zile ukimwuliza swali, neno lilimkwama kooni, mishipa ya shingo ikamsimama, na darasa zima likatazama chini. Walikuwapo wengine wawili wakubwa kama yeye wenye shida hiyo hiyo. Nikaanza kukaa nao watatu kila Jumamosi asubuhi, katika banda la useremala.

Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Nilijaribu kuwasomesha kwa sauti, wakakwama. Nilijaribu mashairi, wakakwama zaidi. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, kumbikumbi wakatapakaa uwanjani, nami kwa mzaha nikatangaza kwamba leo ni Sikukuu ya Kumbikumbi, hakuna somo, kila mtu atoe hotuba ya kuwapokea wageni wenye mabawa. Wakacheka. Na katika kucheka kule Athumani akasema sentensi nne mfululizo.

Tangu siku ile tukawa na sikukuu zetu zisizomo kwenye kalenda ya mtu yeyote. Sikukuu ya Bibo la Kwanza, mikorosho inapoanza kuangusha. Sikukuu ya Kukung'uta Ufuta. Sikukuu ya Nyani, mahindi yanapokomaa na watu wanapohamia shambani kuyalinda. Kila moja ilikuwa na mkuu wake, salamu zake na shukrani zake, maneno yale yale ya kurudiarudia. Mambo ya kipuuzi. Lakini mtu anayemhutubia nyani hajali mdomo wake unafanya nini. Niliwafundisha pia kwamba neno likikwama usilisukume: nyamaza, vuta pumzi, lingoje. Na sheria ilikuwa moja tu, hakuna kummalizia mwenzako neno.

Sheria hiyo niliitunga mimi.

Mwaka jana Athumani alimaliza shule, akaenda kumposa Somoe wa Mbekenyera. Baba wa binti hakuwa na pingamizi. Mjomba wake, ambaye kwa watu wa huku ndiye mwenye kauli, ndiye aliyeuliza: huyu atajibuje mbele ya sheikh? Basi Athumani akawa anakuja kwa baiskeli kila Jumamosi, mtu mzima, kukaa tena na wanafunzi. Kila sikukuu tulimchagua yeye kuwa mkuu. Nilimshika mkono nikamwuliza kama ameukubali ukuu wa ufuta, au wa nyani, naye alipaswa kujibu, "Nimekubali." Ile k ndiyo iliyokuwa adui yake. Ilipofika Julai alikuwa anaivuka, akisimama kidogo tu kabla yake.

Nikajivuna. Lazima nikiri. Nilimwambia mwalimu mkuu, nikamwambia karani wa baraza, nikawaambia hata walimu wa Nachingwea tulipokutana. Nilikuwa nasema, "Athumani wangu."

Ijumaa, siku ya ndoa, nilikaa mkekani ubavuni mwa Athumani, ingawa mimi ni Mkristo na mgeni kutoka Masasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba nikae pale. Sheikh akamshika mkono, akasema maneno ya kumwozesha, akangoja.

"Nime..." akasema Athumani.

Akanyamaza.

Watu wote wakanyamaza. Nikamwona mjomba wa Somoe ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Nikamwona mwalimu mkuu, ambaye nilimwalika mimi, akinitazama mimi badala ya kumtazama bwana harusi. Sijui ilikuwa muda gani. Mdomo wangu ukafunguka.

"Nimekubali!" nikasema. Kwa sauti ile ya darasani.

Sheikh akageuka polepole. "Mwalimu, tulia," akaniambia. "Anayeoa ni huyu."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama sasa bibi harusi amepata waume wawili, na kicheko kikalipuka. Hata mjomba alicheka. Athumani akautoa mkono wake mkononi mwa sheikh, akaufuta kwenye kanzu, akaurudisha. Sheikh akarudia maneno yake. Safari hii kigugumizi kilirudi chote, kama mwaka ule wa kwanza, na mishipa na jasho, akaanza neno mara tano, mara sita, huku watu wakiwa bado wanajifuta machozi ya kucheka. Akalimaliza. Ndoa ikafungwa.

Hakunitazama. Nilisema baiskeli yangu ina pancha, nikaondoka kabla ya chakula. Haikuwa na pancha.

Leo, mama Stefano alipokwenda kanisani, nikaenda Mbekenyera. Nilimkuta Athumani nyumbani kwa wakwe zake, maana huku mume ndiye anayehamia kwa mke. Alikuwa juu ya paa la jiko akiezeka. Akashuka, akanipa mkono kwa adabu. Adabu ile iliniuma. Ningeona afadhali angenitukana.

"Nimekuja kuomba radhi, Athumani," nikasema. "Nilidhani umekwama."

Alichukua muda wake. "S-sikukwama, Mwalimu. Nilikuwa n-navuta pumzi. Kama ulivyotufundisha."

Kimya kile nilimfundisha mimi, Jumamosi hadi Jumamosi, na nilipokisikia mbele za watu sikukitambua. Kila mtu pale alimngoja. Sheikh alimngoja. Mjomba aliyemtilia shaka alimngoja. Ni mimi mwalimu wake niliyeshindwa.

Somoe alikuwa mlangoni akipepeta mtama. Akasema bila kuinua kichwa, "Sisi huko ndani tulisikia sauti. Mama akaniuliza, huyo ndiye mumeo? Nikamwambia hapana, mama, wangu bado anakuja."

Athumani akacheka. Mimi sikuweza.

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akafikiri kweli, hakunipa jibu la heshima. "Bado n-nina hasira, Mwalimu," akasema. "Ikiisha nitakuja."

Njiani kurudi nilijaribu kujiambia kwamba nilifanya vile kwa huruma. Uongo. Kama ningekuwa nimekaa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayenijua, ningengoja hadi jua litue. Nilichoshindwa kuvumilia ni macho ya mwalimu mkuu. Athumani alikuwa anaoa, mimi nilikuwa nafanyiwa ukaguzi. Mtu aliponiomba nikae karibu naye siku yake kubwa, nilikaa pale kama mwenye mali anayeangalia kama mali yake itasifiwa.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama Stefano yote, pamoja na uongo wa kichwa. Alikuwa akichambua kunde. Nilitegemea aniambie si kitu, watu watasahau.

"Hata mimi huwa unanimalizia, baba Stefano," akasema.

Nikafungua mdomo kukana. Nikaufunga.

Akasema tangu tuhamie Ruangwa kuna jambo anataka kuniambia, na kila akianza, mimi nasema ninalijua, namjibu, natoka. Nikamwuliza ni jambo gani. Akashika kunde mkononi, akanitazama kama mtu asiyeamini kwamba ameulizwa. Akasema ataniambia akishaivisha hizi.

Sasa zinachemka. Nimekaa barazani na daftari hili, namngoja. Miaka yote hii nilidhani najua anachotaka kusema, na jioni hii, nikijaribu kukikisia, sipati hata neno la kwanza.